Mistari Minane ya Juu

Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo, barazani kwangu hapa Singida mjini, simu ilipoita. Mpigaji alikuwa mtoto wa mwisho wa Mwalimu Danieli, niliyemwacha akiwa bado anabebwa mgongoni. "Shikamoo mama," akasema, "mzee ametutoka alfajiri ya leo." Nikampa pole, nikasema yote yanayosemwa. Kisha akaja kwenye lile alilotumwa. Ukoo ulikuwa umekaa na kuona kwamba wasifu wa marehemu nisome mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi wake wa siku nyingi na mwalimu mwenzake, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alipenda kunitaja. "Alikuwa anasema wewe ndiye shahidi wa kazi yake ya kule kijijini." Nikakubali, maana msibani huwezi kukataa bila kueleza, na mimi nilikuwa sijawahi kueleza. Nilipoweka simu chini nikaona nimetupa mchele na kubakiza chuya kwenye ungo.

Nimefundisha somo la uraia tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu na miwani miwili, ya karibu na ya mbali. Kila mwaka niliandika ubaoni maana na chimbuko la haki za msingi katika demokrasia, na wanafunzi wangu walijibu mitihani vizuri. Wanajua kwamba haki haitolewi na mtu, kwamba binadamu huzaliwa nayo, kwamba katika demokrasia hata walio wengi hawana ruhusa ya kumla aliye peke yake. Yote hayo niliyapata kwa mtu mmoja, katika mwaka mmoja, ndani ya ghala la ushirika lililokuwa tupu. Na mtu huyohuyo ndiye aliyenionyesha jinsi yanavyovunjwa, bila kelele wala rungu, kwa kalamu ya wino wa bluu. Nina hasira naye mpaka leo, na kifo chake hakijanipunguzia hata chembe. Nina hasira na mtu mwingine pia, lakini huyo nitamfikia.

Ulikuwa mwaka ambao nchi nzima ilibishana kama tubaki na chama kimoja au tufungue mlango kwa vingi. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilikuwa zimekolea. Maduka ya mjini, ambayo utotoni mwetu yalikuwa na rafu za vumbi tu, sasa yalijaa sabuni za kunukia, na mitumba ilining'inia mpaka kwenye miti ya sokoni. Vijijini ushirika ulikuwa umekufa, na wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kuchukua alizeti kwa bei waliyoamka nayo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kusuasua, si ya kufaulu wala ya kufeli, nikawa nashinda nyumbani nakunja kanga. Mwalimu Danieli, aliyenifundisha historia, alikuwa amehamishiwa elimu ya watu wazima upande wa Mtinko, akaja kuniomba kwa wazazi: anahitaji msaidizi mwenye mwandiko mzuri. Kijiji chenyewe sikitaji. Waliokuwepo wanakijua, na wasiokuwepo jina halitawasaidia kitu.

Alinipangia kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Yona, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa kibarua wa reli huko Itigi. Nyumba ilikuwa tembe, ya paa bapa la udongo, na chumba nilichopewa kilikuwa nusu changu na nusu cha vihenge vya uwele, kwa hiyo kila kitu changu kilinuka nafaka na moshi, hata madaftari. Mchana tulikula ugali wa uwele, mweusi na mgumu, kwa mlenda, na siku za bahati tulipata maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Mimi mtoto wa mjini, wa wali na chapati, siku ya kwanza mlenda ulinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama Yona alicheka hadi akaliweka tonge chini. "Mwalimu mdogo," akasema, "mlenda unaukata hivi, kwa kuzungusha mkono. Hili nalo hawakuwafundisha shuleni?" Akanishika kifundo cha mkono akanizungushia, taratibu, na kuanzia siku ile jina likawa hilo, mwalimu mdogo, kijiji kizima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna cheo nilichowahi kupewa baadaye kilichonifurahisha kama kile.

Mashamba ya juu, yale ya mchanga, yalikuwa ya ukoo wa mumewe, na tangu mume afe shemeji zake walikuwa wamelima mpaka kwenye ukuta wa zizi lake. Kilichombakia kilikuwa kipande chake cha mbugani. Mbuga ilikuwa bonde la udongo mweusi chini ya kijiji, na humo kila mwanamke, mwenye mume na asiye na mume, alikuwa na matuta yake ya viazi, na kiangazi alichimba kisima chake kwenye mchanga wa kijito. Hakuna mwanaume aliyeuliza hili tuta la nani. Ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi zao. Nilikwenda naye mara nyingi kupalilia, na niliona kwamba akielekea kule mwendo wake ulibadilika, akawa anatembea haraka kidogo, jembe begani, kama mtu anayekwenda kwake.

Ngumbaru, kama watu walivyoita darasa la watu wazima, ilianza saa kumi jioni wakitoka mashambani. Ghala lilikuwa bado na harufu ya magunia, ingawa magunia yenyewe yalikwisha kuondoka na panya walikuwa wamehama kwa kukosa kazi. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Wanaume wachache walikuja wiki za mwanzo, wakaona wake zao wanawapita, wakaacha, wakabaki kusimama mlangoni na kutania. Mwalimu Danieli alikuwa mrefu, mwenye koti la kijivu lililochakaa mifukoni kwa chaki, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, hata kama mtu huyo anazunguka. Hakuwaita kina mama. Aliwaita "raia". Mara ya kwanza alipolitamka neno hilo walitazamana kama wameambiwa wamerithi ng'ombe.

Siku aliyofundisha chimbuko la haki naikumbuka mpaka rangi ya mwanga uliokuwa ukipita kwenye matundu ya bati. Alianza mbali. Akasimulia habari za wafalme wa Ulaya waliolazimishwa na watu wao kutia muhuri karatasi inayosema mtu asifungwe bila sheria. Akasimulia watumwa waliokataa kuwa watumwa, na jinsi baada ya vita kuu ya pili mataifa yalivyokaa na kuandika kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Akafika kwetu, akashusha sauti, maana mambo hayo bado yalisemwa kwa kuangalia mlangoni: kwamba tulijitawala zaidi ya miaka ishirini kabla haki hizo hazijaingizwa katika katiba yetu wenyewe. Mama Yona akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kabla hazijaandikwa zilikuwa wapi?"

"Zilikuwepo. Hazikuwa na pa kukimbilia tu."

"Kwa hiyo shemeji zangu walipokuwa wananisogezea mpaka, mimi nilikuwa nazo?"

"Ulikuwa nazo."

"Na sikujua."

"Hukujua."

"Makubwa haya! Yaani nimeibiwa kitu ambacho hata sikujua ninacho." Ghala likalipuka kwa kicheko. Alisubiri kikaisha, akaongeza kwa sauti nyingine kabisa: "Ila mwalimu, sisi zingine tulikuwa nazo bila karatasi. Mbugani hakuna aliyetuandikia. Na hakuna aliyewahi kutuondoa."

Mwalimu alimtazama kwa muda. Nilidhani wakati ule ni heshima, na huenda ilikuwa heshima kweli. Hilo ndilo linalonisumbua. Akasema Mama Yona amegusa kiini chenyewe, kwamba haki haianzii kwenye karatasi, karatasi inaikuta. Akaeleza tofauti ya haki na hisani: hisani unashukuru, haki humshukuru mtu, unaidai. Kisha akauliza, "Sisi humu tuko kama ishirini. Tukipiga kura kwamba mbuzi wa Mama Yona achinjwe tule wote, na kura zikatosha, hiyo ni demokrasia?" Wengine wakasema ndiyo, si wengi wametaka? Mama Yona akasema, "Mbuzi wangu ana mimba, itabidi mpige kura mara mbili." Tulicheka tena, lakini yeye Mwalimu hakucheka. Akasema demokrasia si kuhesabu mikono peke yake, kwamba yapo mambo ambayo hayapelekwi kwenye kura, na hayo ndiyo haki za msingi, na serikali inayoyapeleka kwenye kura imejivua demokrasia hata kama imeshinda. Nilimpenda mtu yule. Si mapenzi ya wasichana. Nilitaka kuwa yeye, na koti lake, na chaki yake, na ule utulivu wake wa kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Kisha tukaingia kwenye kuandika majina. "Haki ya kwanza ni jina lako," aliwaambia. Mama Yona alipoulizwa jina alisema Mama Yona. "Hilo ni la mwanao," Mwalimu akasema. "Lako?" Akainamisha kichwa kama binti, akasema, "Naomi." Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu alipoolewa. Vibao vilikuwa vichache na madaftari hayakuwepo, hivyo Mwalimu akaleta kaunta buku jipya, nene, lenye mgongo mwekundu, akanipa. "Piga mistari," akaniambia. "Kila ukurasa acha mistari minane juu. Nitajaza mwenyewe tarehe na mada, wakaguzi wanapenda hivyo." Nikachukua rula, nikaacha mistari minane, nikaona fahari jinsi kurasa zilivyopendeza. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaanza mimi, ili waone mfano: Zaituni, kwa mwandiko wa kulaza. Chini yangu Mama Yona akaandika jina lake, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na N yake akaigeuza, mstari wa katikati ukalalia upande usio wake. Tukaisahihisha mara nyingi na hakuiacha. Mwishowe Mwalimu akasema iacheni, ndiyo alama yake.

Baada ya hapo hawakushikika. Waligombea kalamu. Siku ya mnada walipitia kwanza ghalani wakasaini ndipo wakaenda kununua chumvi. Walijaza ukurasa mmoja hadi mwingine, majina yaleyale, na walipomaliza walirudi nyuma kulinganisha la juzi na la leo. Mwalimu aliwahimiza. "Sahihi ni wewe mwenyewe," alisema mara nyingi. "Mtu asiikane sahihi yake. Akiikana, amejikana." Wakalirudia kwa pamoja, kama wanavyorudia watoto.

Habari ya mbuga niliisikia kwanza kutoka jikoni, wakati wa kuvuna alizeti. Nilikuwa chumbani kwangu nikiandaa mambo ya kesho kwenye daftari, na ukuta wa tembe una matundu ya kutosha. Jirani yetu alikuwa amekuja kuomba moto.

"Umeona vigingi?" akauliza.

"Vigingi gani?"

"Mbugani. Wamekita vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Kimoja kiko katikati ya matuta yangu."

"Nani?"

"Wale wa kampuni, wanaotaka kulima alizeti kwa trekta. Katibu wa kijiji alikuwa nao. Na Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Wangapi tunao, mwenzangu?"

Kisha Mama Yona akasema kwamba kama Mwalimu yupo, basi ni vizuri, yupo kutulinda. Kesho yake akamuuliza darasani, waziwazi, kama alivyofundishwa. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba ardhi ya kijiji haiwezi kugawiwa bila ridhaa ya wanakijiji wenyewe, ndivyo taratibu zinavyotaka, na ridhaa yao wanayo mikononi. Wakatulia. Nikatulia na mimi. Jioni ileile aliniita pembeni akaniambia ameniandikia barua ya kunipendekeza chuo cha ualimu, iko mezani kwake, imebaki kutia sahihi tu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa asubuhi, mbele ya ofisi. Alikuja bwana ardhi kutoka wilayani, kijana mstaarabu mwenye suruali ya kupigwa pasi, na watu wawili wa kampuni ambao hawakushuka kwenye gari. Katibu akasimama akasema mkutano huu si wa kujadili, ni wa kuthibitisha, kwa kuwa wananchi wamekwisha kuridhia kwa maandishi. Wanawake wakatazamana. Ndipo Mwalimu Danieli akafungua mkoba, na mimi nikauona mgongo mwekundu kabla kitabu hakijatoka chote. Akasoma kwa ile sauti yake tuliyoizoea: kwamba sisi wanakijiji tulioweka sahihi zetu hapa chini, kwa hiari yetu na bila kushurutishwa na mtu, tunaridhia eneo la mbuga ligawiwe kwa kampuni kwa ajili ya maendeleo ya kijiji chetu. Mwandiko wa bluu ulikuwa umeenea sawasawa kwenye mistari minane.

Mama Yona akasimama. "Mimi sijakubali kitu hicho."

Bwana ardhi hakumkaripia. Alikichukua kitabu akampelekea pale alipokuwa, akamwekea kidole. "Mama, soma mwenyewe. Hili ni jina la nani?"

Akainama. Niliona midomo yake ikitembea herufi moja baada ya nyingine, kama tulivyomfundisha. "Naomi," akasema. "Ni langu."

"Umeandika wewe, au umeandikiwa?"

"Nimeandika mimi. Hii N ni yangu, huwa naigeuza." Watu wakacheka kidogo, na hata yeye, Mungu wangu, hata yeye akatabasamu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kumuuliza kama anajua kuandika. Bwana ardhi akawaita wengine. Wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakasema hii ni yangu. Hakuna hata mmoja aliyeikana. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na bado sijui mahali pengine ambapo wizi ungewezekana kwa namna ile: kwamba walioibiwa walipanga foleni kuthibitisha, kwa sababu walikuwa wanafunzi wazuri.

"Sasa mama," bwana ardhi akasema, "kama sahihi ni yako, unakataa nini?"

Akanigeukia. Hakumgeukia Mwalimu, alinigeukia mimi. "Mwalimu mdogo, hebu waambie. Hizi si zile karatasi za kujifunzia?"

Bwana ardhi akatazama kitabu, akanitazama. "Ndiye huyu Zaituni? Mbona na wewe umesaini, dada, tena wa kwanza." Mwalimu Danieli hakunitolea macho. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama shuleni nilipokuwa najua jibu, akisubiri bila haraka. Niliifikiria ile barua. Niseme ukweli wote: sikufikiria kitu kingine, nilifikiria barua, na mezani kwake, na kwamba haijatiwa sahihi.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Mchana Mwalimu alinialika kwake. Mkewe alipika wali na kuku, na tulikaa sebuleni kwenye viti vya vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Nilimwambia alichofanya ni uongo. Akamaliza kutafuna kwanza. "Zaituni, kuna sahihi hata moja iliyoghushiwa pale?" Nikasema hapana. "Basi. Wangekubali tu mwisho wake, baada ya mwaka mzima wa mikutano na maneno. Kampuni ingekwenda kwingine. Itachimba kisima cha pampu, itawapa vibarua. Haki bila maendeleo wataila?" Nikamkumbusha mbuzi wa Mama Yona, kwamba yapo mambo yasiyopelekwa kwenye kura. "Na hatukupiga kura," akasema. Hakuwa anatania. Mpaka leo nadhani aliamini kwamba amejibu. Nilitamani kumwagia mchuzi, lakini nilikula mpaka nikamaliza, na nilipoondoka barua ilikuwa mkononi mwangu, imetiwa sahihi.

Kampuni ililima misimu michache ikaondoka. Mbuga haikurudi kwa wanawake, ilihamia kwa mwingine mwenye karatasi. Vyama vingi vilipokuja Mwalimu alijiunga na kimojawapo, akagombea udiwani akapata, na kwenye majukwaa alizungumzia haki za binadamu vizuri kuliko wote. Nilimsikia mara moja kwenye kipaza sauti, nikipita sokoni, na nikasimama kusikiliza, maana bado alikuwa mwalimu mzuri.

Asubuhi niliyoondoka Mama Yona alikuwa uani anapepeta. Nilimwamkia, akaitika. Nikasimama na begi langu. "Ulijua?" akauliza.

"Sikujua atakachokuja kuandika, mama. Naapa."

"Sikuulizi hilo. Pale mkutanoni ulikuwa unajua?"

Aliingia ndani akatoka na mfuko wa michembe, vile viazi vya kukaushwa, akaniwekea begani kwa mkono wake. "Ni vya mbugani," akasema. "Nenda salama, Zaituni." Hakusema mwalimu mdogo. Nilikula vile viazi chuoni, kimoja kimoja, mpaka vikaisha, na sikurudi tena kijijini kwake.

Msibani kulikuwa na turubai kubwa, viti vya kukodi, kwaya yenye sare. Lori lilileta watu wa kijijini, na nyuma kabisa, kwenye mkeka, niliwaona wanawake watano sita wazee. Watu wa kule huzika hata waliowakosea. Nilijua yupi ni Mama Yona kwa jinsi alivyokaa, mgongo umenyooka, fimbo mapajani. Kijana wa marehemu akanipa karatasi mbili zilizochapwa. Nikasoma kuzaliwa, nikasoma shule, nikasoma ndoa na watoto. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa mtetezi wa haki za wanyonge, na kwamba aliwafundisha kina mama wa kijiji kuandika majina yao. Nikaziweka karatasi chini. Kisha nikasema, "Hapa pana upungufu, na mimi nilikuwepo. Ni kweli aliwafundisha. Kisha majina yale ya kujifunzia akayaandikia maneno yake juu, katika nafasi niliyoiacha mimi, na kwa maneno hayo wakanyang'anywa mbuga yao. Mimi niliulizwa mbele ya watu, nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka." Mchungaji akakohoa. Kijana wa marehemu alinitazama kwa macho yasiyoelewa kitu, na nilimwonea huruma, kwa sababu alimpoteza baba mara mbili siku ile. Kwaya ikaanza wimbo.

Nilikaa mezani penye kitabu cha rambirambi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukaa. Binti mmoja alikuwa akiwaelekeza watu waandike majina. Mama Yona akaja taratibu, fimbo mbele. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba," akajibu, bila kunitazama. Alikuwa anatazama kitabu. Ukurasa ulikuwa mpya, mweupe.

"Andika jina tu, bibi," binti akamwambia, akimpa kalamu.

"Juu pameandikwa nini?"

"Hapajaandikwa kitu, bibi."

"Basi andikeni kwanza."

Binti akanigeukia. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya ukurasa: Waliofika kumzika Danieli. Mama Yona akavuta kitabu karibu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma yote, midomo ikitembea. Kisha kidole kikashuka kidogo, kikasimama.

"Umeacha nafasi hapa," akasema.

Nikaifunga kwa mistari miwili, kutoka pembeni hadi pembeni. Ndipo akainama, akaandika Naomi.